Kiwi inachanua sana lakini haishiki hata tunda moja, tatizo ni nini?

Mti_Mchanga

Wakuu, habari za humu ndani. Naomba mwongozo kwa wenye uzoefu na kiwi.

Nina miche miwili nyuma ya nyumba, imepanda juu ya kichanja cha nguzo na waya. Niliinunua kitaluni ikiwa na vibandiko, mmoja umeandikwa dume na mwingine jike aina ya Hayward. Nguvu yake si ya kawaida. Ukijisahau kidogo unakuta imeshakamata bomba la maji ya mvua na sasa inatafuta dirisha. Msimu huu yote miwili imechanua kwa fujo, maua meupe yanayogeuka manjano hafifu yakizeeka. Nyuki wanapita. Kisha maua yanapukutika, kikonyo nacho kinafuata, basi. Hakuna hata kitunda kimoja kilichoshika. Msimu uliopita ilikuwa hivyohivyo, ila maua yalikuwa machache nikasema labda bado michanga.

Samadi naweka, maji hayakosekani. Jirani mmoja ananiambia niongeze potashi, mwingine ananishauri niikate yote ianze upya. Nisikilize nani?

Kichanja

Usimsikilize yeyote kati yao kwa sasa, mkuu. Mmea uliochanua kwa fujo umeshakuambia kwamba hauna njaa.

Kesho asubuhi chuma ua moja kwenye kila mche, liwe limefunguka siku hiyohiyo. Lipasue katikati kwa wembe kuanzia juu hadi kwenye kikonyo. Halafu njoo utuambie unaona nini pale kati. Rangi ya petali tuachie, haitatusaidia.

Pweza_Nchi_Kavu

Nimeweka kambi hapa.

Bustani_ya_Bibi

Samahani kuingilia, lakini maua kupukutika mara nyingi ni upungufu wa boroni. Weka boroni kidogo utaona.

Kichanja

Bibi, kwa mazao mengine sikupingi. Kwa kiwi nenda taratibu sana, ni mmea unaodhurika haraka boroni ikizidi. Kingo za majani zinaungua na ukishaimwaga huna namna ya kuiondoa kwenye udongo. Tusubiri ua lipasuliwe.

Mti_Mchanga

Nimerudi. Nimefanya kama ulivyosema na nimetumia kioo cha kukuzia.

Ua la mche wa kwanza, ule wa "dume": vijiti vingi vyembamba vyenye vichwa vya njano, vimezunguka kama brashi. Nikigusa, unga wa njano unabaki kidoleni. Pale kati, chini kabisa, kuna kidude kidogo kama kichwa cha pini chenye manyoya. Nimekipasua, ndani hakuna kitu, nyama tupu.

Ua la mche wa pili, ule wa "jike": vijiti vya njano vilevile, unga uleule, na pale kati kidude kilekile kidogo. Nimepasua maua matatu zaidi nikidhani nimekosea. Yote yanafanana.

Kichanja

Basi kesi imekwisha. Una madume mawili.

Ua jike la kiwi huwezi kulikosea ukishaliona mara moja. Katikati lina kitunda kilichokwisha kuumbika tayari, cheupe chenye manyoya, ukubwa wa punje ya njegere au kuzidi. Juu yake zinatoka nyuzi nyeupe nene, thelathini na kitu, zimetawanyika kila upande. Ukikipasua unaona vyumba vimejipanga kuzunguka kiini cheupe, na ndani yake vijimbegu vidogo sana. Tunda lote lipo pale kabla hata ya nyuki kufika. Dume lina chavua tu.

Kinachowachanganya watu ni kwamba hata jike lina vichwa vya njano. Tena vinatoa unga. Lakini chavua ile imekufa, haitungishi. Kwa hiyo mtu akiona njano pande zote mbili anasema "haya ni maua kamili". Ndiyo maana nilikuambia uangalie kati.

Mti_Mchanga

Daah. Kwa hiyo miaka yote hii namwagilia madume?

Kitaluni waliniapia. Nimewapigia leo, wananiambia "labda umechanganya vibandiko mwenyewe". Vibandiko viwili, mimea miwili, hata nikivichanganya si lazima mmoja uwe jike?

Pweza_Nchi_Kavu

Hahaha, hapo umewakamata.

Fundi_Waya

Pole sana mkuu. Hilo linatokea kwa sababu mche ukiwa na majani tu hakuna mtu anayeweza kuutambua kwa macho kama ni dume au jike. Mwenye kitalu mwenyewe anategemea rekodi yake: kijiti hiki nilikikata mti gani. Rekodi ikivurugika hapo mwanzo, wanunuzi wote wanabebeshwa mzigo, na hawajui hadi maua yatokee. Na kama alikuwa anaotesha mbegu kisha anabandika Hayward, huo ni udanganyifu kabisa. Hayward ni mti mmoja uliochaguliwa na kuzidishwa kwa kubebesha, yaani kuunganisha kijiti chake juu ya shina la mche mwingine, au kwa vipandikizi. Mbegu yake haitoi Hayward.

Mnaonunua, angalieni kovu la kubebeshea karibu na ardhi. Lisipokuwepo, uliza kama mche umetokana na kipandikizi, na kipandikizi cha mti gani. Akianza kung'ata maneno, ondoka.

Mbegu_Nyeusi

Hapa nina swali. Mimi nimechukua mbegu kwenye tunda la kununua, nikazifunga kwenye karatasi yenye unyevu nikaziweka friji wiki kadhaa, zimeota vizuri. Nina vitoto kama ishirini. Hivi nao ni kazi bure?

Kichanja

Si kazi bure, ila ujue unacheza mchezo gani. Takribani nusu yao watakuwa madume. Utasubiri miaka mitano, saba, au zaidi kabla ya ua la kwanza kukuambia nani ni nani. Na hayo majike yakizaa, tunda linaweza kuwa dogo, gumu katikati au lisilo na ladha, maana kila mbegu ni mtoto wa peke yake.

Lakini usisahau kiwi tunazozijua zilitoka wapi. Mwaka 1904 Isabel Fraser, mwalimu mkuu wa shule ya wasichana huko Wanganui, alirudi New Zealand kutoka China na mbegu. Zikaoteshwa na Alexander Allison, na matunda ya kwanza yakaonekana mwaka 1910. Hayward yenyewe imepatikana hukohuko, ilichaguliwa na mwenye kitalu Hayward Wright kati ya miche ya mbegu. Kwa hiyo bahati ipo. Ila yeye alikuwa na kitalu kizima na maisha yote ya kusubiri.

Ushauri wangu: kuza miche mitatu minne iliyo na afya, uitumie kama shina mama, kisha bebesha juu yake vijiti vya mti unaoujua. Mche uliobebeshwa unaweza kuanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne.

Mbegu_Nyeusi

Hilo la shina mama nimelipenda. Asante mkuu.

Joto_Kali

Mimi nina tatizo tofauti. Yangu haichanui kabisa, majani tu mwaka mzima. Ninapoishi hakuna baridi ya maana.

Kichanja

Umejijibu mwenyewe. Hayward inataka baridi ya kutosha wakati imelala, kwa makadirio saa 700 hadi 1000 zilizo chini ya nyuzi 7 za Selsiasi. Isipoipata, macho, yaani vichipukizi vilivyolala kwenye tawi, yanaamka machache na yanatoa majani bila maua. Hakuna mbolea inayoziba pengo hilo.

Mashambani wananyunyizia sainamidi ya hidrojeni kuamsha macho. Usiijaribu nyumbani. Ni sumu, na aliyeishika kisha akanywa pombe, hata siku moja au mbili baadaye, anaweza kuugua vibaya. Si kitu cha kuweka kwenye bustani ambako watoto wanapita.

Kwa mahali penye baridi kidogo tafuta zile za nyama ya njano, za jamii ya Actinidia chinensis. Baadhi yake zinaridhika na baridi pungufu kuliko Hayward. Kama mahali ni tambarare la joto mwaka mzima, kwa kweli mimi ningepanda pasheni kwenye hicho kichanja nikaacha kujitesa.

Joto_Kali

Umenikata maini lakini asante kwa ukweli.

Theluji_Mlangoni

Na sisi wa upande wa pili? Huku kwetu baridi inashuka chini ya sifuri miezi mingi.

Fundi_Waya

Hayward ikiwa imelala inavumilia nyuzi chache chini ya sifuri, kama 10 hivi, kwa mti uliokomaa. Kinachoua hasa ni sakitu ya kuchelewa. Machipukizi yakishatoka, hata nyuzi 2 chini ya sifuri kwa usiku mmoja yanageuka meusi, na maua ya msimu ule yanakwenda nayo. Shina la mche mchanga nalo hupasuka, lifunge gunia au kitambaa miaka ya mwanzo.

Kwako wewe ningesema Actinidia arguta, ile kiwi ndogo isiyo na manyoya inayoliwa na ganda lake. Ikilala inavumilia hadi karibu nyuzi 30 chini ya sifuri. Lakini machipukizi yake ni dhaifu kama ya wenzake, sakitu ya kuchelewa inayachoma vilevile.

Mama_Paka

Jamani kuna mtu paka wamemharibia? Nilipanda arguta, asubuhi nikakuta wamejigaragaza juu yake, wametafuna machipukizi na wamefukua mpaka mizizi. Paka wangu na wageni watatu!

Pweza_Nchi_Kavu

Sasa hiyo ni fitina ya jirani, si paka.

Kichanja

Hapana, anasema kweli. Jamii hii ya mimea ina kitu kinachowalevya paka, na mzizi uliojeruhiwa ndio unawaita zaidi. Zungushia wavu wa waya hadi kimo cha kiuno, na utandaze wavu mwingine juu ya udongo kuzunguka shina. Mti ukishakuwa na shina gumu wanauacha wenyewe. Ukipalilia karibu na shina usichimbe, unakwangua mizizi na kuwakaribisha upya.

Mti_Mchanga

Wakuu, turudi kwangu kidogo. Nimeona watu wanasema kuna aina inayojichavusha yenyewe, mmea mmoja unatosha. Si nikang'oe haya madume nikaweke hiyo?

Bustani_ya_Bibi

Ipo, inaitwa Jenny. Ninayo.

Mti_Mchanga

Inazaaje, Bibi?

Bustani_ya_Bibi

Inazaa, mwanangu. Ila matunda ni madogo. Mwenye nafasi ya mmea mmoja tu, au kibaraza, inamfaa. Na kuna Issai, hiyo ni ya jamii ya arguta, nayo inazaa peke yake.

Kichanja

Nakubaliana na Bibi. Tena hata hizo zikipata dume karibu zinazaa vizuri zaidi. Ukubwa wa kiwi unategemea idadi ya mbegu ndani, na kila mbegu inataka punje yake ya chavua. Tunda kubwa la Hayward lina mbegu zaidi ya 1000. Mbegu zikiwa mia mbili tatu, tunda linabaki dogo hata umwagilie maziwa.

Usiwang'oe hao. Una kitu ambacho wengi humu hawana: mashina mawili yaliyokomaa, yenye mizizi iliyoshika ardhi. Mmoja abaki dume, mwingine umgeuze kuwa jike kwa kumbebesha. Ukianza na mche mpya unarudi nyuma miaka.

Mti_Mchanga

Inawezekana kumgeuza? Nielekeze tafadhali, nina subira.

Kichanja

Inawezekana na si ajabu, mashambani wanabadilisha aina kwa njia hiyohiyo.

Tafuta mtu mwenye jike linalozaa, uliloliona wewe mwenyewe likiwa na matunda. Wakati limelala na majani yameshaanguka, omba vijiti vya mwaka huo, unene wa penseli, vyenye macho yaliyovimba vizuri. Vifunge kwenye gazeti lenye unyevu kidogo, ndani ya mfuko wa plastiki, viweke friji. Usiviweke pamoja na matufaa au ndizi, hewa yake inachosha macho.

Sasa sehemu inayowashinda wengi. Kiwi ikiamka inasukuma maji kwa nguvu ya kutisha. Ukikata shina wakati huo linatiririka siku nzima, na kijiti ulichobandika kinazama humo na kuoza. Kwa hiyo una njia mbili. Ama ubebeshe mapema wakati mti bado umelala fofofo, au usubiri hadi majani yametoka na kutanuka, maana yakishaanza kuvuta maji mti hauvuji tena. Mimi napenda hii ya pili. Ukikata shina acha tawi moja la zamani chini ya mkato liendelee kuvuta maji. Tawi hilo utaliondoa baadaye kijiti kikishakimbia.

Kata shina kimo cha goti au kiuno. Achanisha gome lake wima, chonga kijiti chako upande mmoja kwa urefu wa kama sentimita 4, kiingize kati ya gome na mti, funga kwa utepe wa kubebeshea, ziba mikato yote pamoja na ncha ya kijiti. Weka vijiti viwili au vitatu kuzunguka shina, si kimoja. Vikishika vyote utachagua mwenye nguvu.

Na kila chipukizi linalotoka chini ya hapo, kwangua. Hilo ni dume linataka kurudi madarakani.

Pweza_Nchi_Kavu

"Dume linataka kurudi madarakani." Uzi ufungwe hapa.

Mti_Mchanga

Hahaha. Mkuu ubarikiwe. Jike litafaa la aina gani? Huyu dume wangu sijui hata ni aina gani.

Kichanja

Swali zuri. Dume lazima lichanue pamoja na jike. Za nyama ya njano kwa kawaida hutangulia kuchanua kuliko Hayward, na arguta ina ratiba yake. Ndiyo maana Hayward wanaipa madume kama Chieftain au Tomuri yanayokwenda nayo sambamba. Andika tarehe ambayo dume wako ameanza kufungua maua na tarehe aliyomaliza. Kisha muulize huyo mwenye jike tarehe zake, kama mko hali ya hewa moja. Zikipishana kabisa, tafuta jike jingine.

Dume mmoja anatosha majike manane mashambani, kwa hiyo kwako atakuwa na kazi ndogo.

Fundi_Waya

Niongezee kuhusu nyuki, maana nimeona umeandika "nyuki wanapita". Maua ya kiwi hayana nekta. Nyuki anakuja kwa chavua tu, na jirani kukiwa na kitu chenye utamu anakuhama bila kuaga. Kwa bustani ya mimea miwili mimi sitegemei nyuki. Asubuhi umande ukishakauka chuma ua dume lililofunguka, sugua taratibu juu ya nyuzi nyeupe za maua jike, kama matano kwa ua moja la dume, kisha chukua jingine. Jike linapokea chavua siku nne tano tangu kufunguka, kwa hiyo pitia kichanja siku moja ruka moja. Hii kazi ni tamu, na utaona tofauti ya ukubwa waziwazi.

Sasa kichanja chenyewe. Umesema nguzo na waya. Nguzo unene gani?

Mti_Mchanga

Mbao za inchi mbili kwa mbili, fundi. Waya ni ule mwembamba wa kufungia.

Fundi_Waya

Haitafika mbali. Mti mmoja uliokomaa ukiwa na majani, matunda na maji ya mvua juu yake, halafu upepo ukavuma, uzito wake utashusha hicho kitu chote. Weka nguzo nene zilizochimbiwa kama sentimita 60 hadi 90, kichanja kiwe kimo cha mita 1.8 hadi 2 ili upite chini yake bila kuinama, na waya mnene wa fensi uliokazwa. Kati ya mti na mti mita 4 hadi 5. Unaona ni nyingi sasa, lakini zitajaa.

Shina lipande moja tu, limenyooka, limefungwa kwenye kijiti chake. Usiache lijizungushe kwenye nguzo. Watu wanaona inapendeza, lakini likinenepa linajikaba lenyewe, maji hayapiti vizuri. Likifika kwenye waya likate ncha, chukua machipukizi mawili, moja huku moja kule, ndiyo mikono ya kudumu. Kutoka kwenye mikono hiyo ndipo matawi ya kuzaa yanatoka kila upande.

Mbegu_Nyeusi

Kupogoa je? Mimi kila video inasema lake.

Fundi_Waya

Zote zinazunguka jambo moja: tunda la kiwi linabebwa na chipukizi jipya la msimu huu, lakini si chipukizi lolote. Ni lile linalotoka kwenye tawi la mwaka jana. Chipukizi linalotoka kwenye mti mzee, unene wa mkono, kwa kawaida halizai mwaka huo, ila mwaka unaofuata litakuwa ndilo tawi lako la kuzalisha. Ukikata kila kitu cha mwaka jana umekata maua yote. Usipokata chochote, unapata kichaka ambacho jua haliingii, na macho yaliyokaa gizani hayachanui.

Kwa jike: mti ukiwa umelala, ondoa matawi yaliyozaa na bakiza mapya yaliyolala vizuri kwenye mkono, umbali wa sentimita 30 hivi kati ya moja na jingine, yafunge kwenye waya. Utajikuta umeondoa zaidi ya nusu ya mti, usiogope. Maliza kabla maji hayajaanza kupanda, la sivyo utaona mikato inalia.

Kwa dume: usimguse akiwa amelala, utaondoa maua yanayohitajika. Mkate mara tu anapomaliza kuchanua, mkate sana, ili asimfunike mwenzake.

Bustani_ya_Bibi

Mimi nakata kiangazi tu, na yangu inazaa. Hayo ya kuhesabu sentimita ni ya shambani.

Fundi_Waya

Bibi, kiangazi nako kuna kazi yake, sikatai. Yale marefu yanayojisokota ncha yafinye, nayo yaliyosimama wima kama fimbo juu ya mkono yatoe. Lakini ukiacha kabisa ile kazi ya wakati wa kulala, matunda yatazidi kusogea mbali na shina kila mwaka hadi uyafuate kwa ngazi. Jenny yako ni ndogo, ndiyo maana inakusamehe.

Bustani_ya_Bibi

Labda. Nitajaribu upande mmoja tu, mwingine nibaki na wangu, tuone.

Theluji_Mlangoni

Na maji? Nilisoma inapenda maji nikaiweka bondeni, karibu na mfereji. Majani yanakuwa madogo, ya njano, tawi moja limekauka.

Kichanja

Hamisha kabla hujachelewa. Inapenda maji yanayopita, haipendi maji yanayokaa. Mizizi yake ni ya nyama laini, ikikosa hewa siku chache ukungu wa Phytophthora unaingia na mti unaanza kufa kutoka chini huku wewe ukidhani una kiu, unazidi kumwagilia. Fukua kidogo: mzizi mzima ukiukwangua ni mweupe ndani, uliooza ni wa kahawia nyekundu na ganda linavuka.

Panda juu ya tuta. Udongo wenye tindikali kidogo, pH 5.5 hadi 6.5, mboji nyingi, matandazo mazito lakini yasiguse shina. Wakati wa joto majani yake mapana yanapoteza maji mengi sana, kwa hiyo mti mkubwa unaweza kutaka makumi ya lita kwa siku. Na uweke mahali pasipo na upepo mkali, machipukizi machanga yanang'oka kwenye kiungo chake kwa urahisi mno.

Mama_Paka

Nikiona madoa ya kahawia kwenye majani yenye duara la njano, huo ni ule ugonjwa wa New Zealand?

Fundi_Waya

Huo unaitwa Psa na unaonekana hivyo, lakini si kila doa ni Psa. Angalia shina na matawi pia: ute mweupe au mwekundu kama kutu unaotoka kwenye mikato, na machipukizi yanayonyauka ghafla. Ni bakteria. New Zealand waligundua mwezi wa Novemba 2010 huko Te Puke, na aina ya njano iliyokuwa inalimwa wakati ule, Hort16A, ikafyekwa. Ukishuku, piga picha, usikate na kutembeza vipande, wasiliana na watu wa afya ya mimea. Mkasi usafishe kwa spiriti kati ya mti na mti. Mti_Mchanga, hilo linakuhusu wewe unayekwenda kuomba vijiti kwa watu.

Mti_Mchanga

Nimeelewa. Kagua mti kwanza, mkasi safi.

Swali la kujipa moyo: nikishapata matunda nitajuaje yamekomaa? Nasikia hayabadiliki rangi.

Kichanja

Hayabadiliki, na Hayward haiivi mtini kama embe. Tangu ua hadi kuvuna ni karibu miezi mitano. Kata moja: mbegu ziwe nyeusi zote. Mwenye refraktomita, kile kifaa cha kupima sukari kwenye maji ya tunda, apime, wakulima wa New Zealand wamezoea kuanza kuvuna Hayward sukari ikifika 6.2 kwa kipimo cha Brix. Vuna yakiwa bado magumu, kabla ya sakitu. Ukiyaweka kwenye baridi karibu na sifuri yanakaa miezi. Unayotaka kula wiki hii weka mfukoni na tufaa au ndizi. Hapo ile hewa niliyokukataza kwenye vijiti ndiyo unayoihitaji.

Mti_Mchanga

Sawa mkuu. La mwisho, nisikusumbue zaidi. Kati ya madume yangu mawili, nimgeuze yupi? Mmoja uko kwenye jua la siku nzima na una shina nene. Mwingine uko pembeni ya ukuta, unapata jua la asubuhi, ni mwembamba kidogo.

Kichanja

Geuza wa kwenye jua. Jike ndilo linalobeba mzigo, linahitaji jua, mizizi mikubwa na nafasi ya matawi. Wa ukutani abaki dume, umkate kila akimaliza kuchanua asizidi mita mbili za waya. Ila mwangalie tarehe zake za maua msimu ujao kwanza, maana kivuli kinaweza kumchelewesha. Akichelewa sana, acha tawi moja la dume kwenye huo mti wa jua, chini ya pale ulipobebesha, ulifunge utepe mwekundu ili usije ukalikata ukidhani ni lile la kuvuta maji.

Mti_Mchanga

Utepe mwekundu, nimeandika. Vijiti nimeshaahidiwa na mtu, jike lake nimeliona kwa macho yangu limejaa matunda. Mti ukilala nitarudi na picha.

Pweza_Nchi_Kavu

Kambi siivunji.